Zamu ya Tatu

Tulikuwa sita kwenye kibanda cha kuchajia simu, Katubuka,
usiku wa kuamkia kombe la mtaa,
kila mmoja na elfu mbili yake chini ya chupa ya soda,
na daftari moja, jalada limelowa mawese,
lenye majina themanini ya vijana wanaocheza kweli
ili sisi tuliokwisha kuota vitambi tucheze kwa kalamu.

Sheria ni ya nyoka: zamu hupanda moja hadi sita,
hugeuza kichwa, hushuka sita hadi moja.
Goli, pointi tano. Krosi iliyozaa goli, tatu.
Na anayeubeba mpira kutoka nyuma ya katikati
mpaka wapinzani waanze kulaumiana,
huyo pointi moja kwa kila safari, na safari ni nyingi.

Ubishi wenyewe ni wa miaka: winga kwanza, au mbebaji?

Feruzi, fundi baiskeli, ni mtu wa mawinga.
“Mbebaji ni spoki,” anasema, “hukatika ukiwa mlimani.
Winga anapita zake kwenye chaki, nani atamgusa?
Miaka mitatu namchukua yuleyule wa Gungu.”

Mwavita akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.
Yeye anauza migebuka sokoni Mwanga,
na hesabu zake zote ni za samaki:
“Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi haitoki,
na mwenye ndoo moja ya migebuka ndiye tajiri.
Mawese yapo Januari, yapo Agosti,
nani anadamka alfajiri kugombea mawese?
Mawinga ni mawese. Kila kichochoro kina kijana mwenye mbio.
Wabebaji humu nimewahesabu: wanne.
Wanne, na sisi sita.
Haya, subirini mzunguko wa tatu. Mtakuta magamba.”

Sikubisha. Alikuwa sahihi,
na wawili wa mwanzo wakamsikiliza, wakabeba wabebaji wawili.

Zamu ya tatu ilikuwa yangu.
Jina lililofuata hakuna asiyelijua:
Ntakije Ruhere, miaka kumi na tisa, mapafu ya mivukuto.
Mdogo wangu.
Tunalala chumba kimoja.
Mimi ndiye ninayemsikia saa nane za usiku
akishika goti kwa mikono miwili ili aligeuze upande wa pili,
polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala.
Asubuhi hunitazama, nami hutazama kiatu.
Mama hajui. Kocha hataki kujua.

Nikaandika winga wa Gungu.
Feruzi akaguna kama aliyeibiwa.
Mwavita alinitazama kidogo,
muda ule ule anaopimia samaki kwa jicho,
kisha akaandika, wa nne: Ntakije.
Ningeweza kukohoa.
Nilikunywa soda.

Mechi ya kwanza aliubeba mara kumi na moja.
Mechi ya pili, dakika ya ishirini, hakuna aliyemgusa.
Aligeuka tu, na goti halikugeuka naye.
Winga wangu alifunga mawili jioni ileile.

Ile elfu kumi na mbili ililipa bodaboda mpaka Maweni,
ikalipa bandeji.
Iliyobaki nikanunulia migebuka kwa Mwavita, sikuomba kupunguziwa.
Alinihesabia minne, akaongeza mmoja,
akafunga mfuko kwa fundo gumu kuliko kawaida.

Usiku, mguu wake ukiwa juu ya mto wangu, akauliza:
“Kaka, kwenye daftari lenu nilichukuliwa wa ngapi?”
“Wa nne.”
Akatabasamu gizani; nilisikia.
“Wa nne kati ya themanini!”
Halafu kimya, kimya cha mtu anayehesabu kwa vidole.
“Na zamu yako wewe, ilikuwa ya ngapi?”

Nikainuka, nikasema naenda kumpashia maji.
Maji yalikuwa bado ya moto.